Sura ya Nne: Nasaba za Koo kama Chanzo cha Historia, kutoka Kilwa hadi Dzaleka

Nasaba ni mfuatano wa vizazi unaomuunganisha mtu aliye hai na wahenga wake, nayo huhifadhiwa kwa njia mbili: kwa maandishi, ambapo koo za pwani zilizokulia katika elimu ya Kiislamu huiita shajara, au kwa kumbukumbu za wazee wanaoikariri bila kitabu. Kwa muda mrefu wanahistoria wa vyuoni waliitazama kwa jicho la shaka, wakisema kwamba ina majina ya kubuni, vizazi vilivyorukwa na wahenga waliopandishwa vyeo baada ya kufa. Shaka hiyo ina msingi, lakini iliwafanya wengi waache shamba kwa kuogopa magugu. Nasaba haikutungwa ili kuhesabu waliozaliwa. Ilitungwa ili ijulikane nani ana haki juu ya nini, nani ni mkubwa wa nani, na nani akija mlangoni apokewe kama ndugu. Hoja ya sura hii ni kwamba kwa sababu hiyo hiyo nasaba ni hati ya utambulisho na pia ni hati ya diplomasia, yaani ufundi wa kuendesha uhusiano baina ya dola, koo au jamii bila kushika silaha, na kwamba mtafiti anayeisoma kwa kuuliza ilitamkwa mbele ya nani na ili kupata nini huvuna mengi kuliko yule anayeuliza tu kama ni ya kweli.

Mahali panapofaa kulitazama jambo hili ni katikati ya Malawi, ambako mapokeo kadhaa ya nasaba yanaishi bega kwa bega. Kambi ya Dzaleka, iliyoko wilaya ya Dowa, yapata kilomita 45 kaskazini mwa jiji la Lilongwe, ilifunguliwa mwaka 1994 kwenye eneo lililokuwa gereza la wafungwa wa kisiasa enzi za Rais Hastings Kamuzu Banda. Ilikusudiwa kuwapokea watu kati ya 10,000 na 12,000, na leo ina wakazi zaidi ya 50,000, walio wengi wakitoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Burundi na Rwanda. Kiswahili ndicho kinachowaunganisha sokoni, makanisani, misikitini na katika familia zilizotawanyika kati ya kambi na mitaa ya Lilongwe kama Kauma. Wenyeji wao ni Wachewa, ambao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, wakati wageni wengi huuhesabu kwa upande wa baba; na upande wa mashariki, kwenye ufuko wa Ziwa Malawi, kuna Nkhotakota, mji uliotawaliwa katika karne ya 19 na watu wa pwani waliokuja na vyeo vyao.

Kilwa: mkataba ndani ya ndoa

Mfano wa zamani zaidi kwa wasomaji wa Kiswahili ni historia ya masultani wa Kilwa, ambayo imetufikia katika sura mbalimbali. Moja imo katika kazi ya mwandishi Mreno João de Barros iliyochapishwa mwaka 1552. Nyingine ni ya Kiarabu, ambayo nakala yake iliyoandikwa Unguja mwaka 1877 imehifadhiwa London. Na ya tatu ni masimulizi ya Kiswahili yaliyokusanywa wakati wa utawala wa Wajerumani. Zote zinakubaliana kwamba mwanzilishi wa ufalme alitoka Shirazi, mji wa Uajemi, na alifika kwa jahazi akaipata Kilwa kwa mtawala mwenyeji kwa kulipa nguo. Masimulizi ya Kiswahili, hata hivyo, yanaongeza jambo ambalo lina uzito wa pekee: mgeni alimwoa binti wa mzee Mrimba, mwenye kisiwa, na mtoto aliyezaliwa alipokua alikwenda bara kumwona babu yake mzaa mama, naye babu akamkabidhi madaraka yake.

Kwa msomaji wa haraka habari hii ni hekaya ya mapenzi na mali. Kwa anayejua sheria za jamii zinazorithi kwa upande wa mama, ni mkataba kamili wenye vifungu vyake. Nguo zinampa mgeni haki ya kukaa, ndoa inamfanya awe mkwe, na mjukuu, ambaye kwa baba ni Mshirazi na kwa mama ni mtoto wa nyumba, anapata haki ya kutawala ambayo baba yake hakuwa nayo. Wazee walioihifadhi nasaba hiyo hawakuwa wakimkana mama Mwafrika wala baba wa ng'ambo. Walikuwa wakieleza kwa nini nyumba moja ilikuwa na haki mbili, ya baharini na ya bara, na kwa nini pande zote mbili ziheshimu makubaliano hayo.

Ukweli wa kimwili wa nasaba ya Washirazi umebishaniwa sana. Katika miaka ya 1980 wanahistoria Thomas Spear na Derek Nurse walisisitiza kwamba Waswahili ni watu wa Afrika kwa lugha na utamaduni, na kwamba Ushirazi ulikuwa zaidi dai la hadhi kuliko kumbukumbu ya uhamiaji mkubwa. Mwaka 1984 akiba ya sarafu zaidi ya 2,000 iliyofukuliwa Mtambwe Mkuu, Pemba, ilitoa sarafu zenye jina la Ali bin al-Hasan, ambaye nasaba inamtaja kuwa mwanzilishi, na ikasaidia kurudisha enzi yake nyuma hadi karne ya 11. Kisha Machi 2023 jarida la Nature lilichapisha uchunguzi wa DNA ya kale ya watu 80 waliozikwa pwani na bara jirani kati ya mwaka 1250 na 1800. Wengi wa watu wa pwani walikuwa na asili ya Kiafrika iliyopitia hasa kwa kina mama, na asili ya Kiasia, kwa sehemu kubwa ya Uajemi, iliyopitia hasa kwa kina baba, na kuchanganyika kwao kulianza yapata mwaka 1000. Matokeo hayo hayathibitishi kila jina katika shajara wala hayamfanyi Mswahili kuwa Mwajemi, lakini yanaonyesha kwamba ndoa ya Kilwa, iliyosimuliwa kama kisa cha watu wawili, ilibeba kwa ufupi historia ya vizazi vingi.

Nasaba ilikuwa pia njia ya kuhusiana na ulimwengu wa mbali. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, alimkuta Sultani al-Hasan bin Sulaiman, aliyeitwa Abu al-Mawahib kwa ukarimu wake, akitenga sehemu ya ngawira kwa ajili ya masharifu, yaani watu wanaonasibishwa na Mtume Muhammad, ambao walimjia kutoka Iraki na Hijazi. Sharifu aliyevuka bahari alikuwa na shajara kama hati yake ya kusafiria, na sultani aliyempokea alipata sifa katika miji mitakatifu ambayo majeshi yake yasingeweza kuifikia. Baadaye koo za masayyid wa Hadhramaut, eneo la kusini mwa Yemen, zilieneza utaratibu huo huo hadi Lamu, Unguja na Visiwa vya Komoro. Shajara zao zilipelekwa na kuhakikiwa kati ya mji wao wa Tarimu, Hadhramaut, na Afrika, na kanuni ya ukufuu, yaani usawa wa hadhi katika ndoa, ilitumia shajara kuamua binti wa sharifu aolewe na nani.

Utetera: nasaba kama karata ya kisiasa

Kama Kilwa inaonyesha nasaba iliyojengwa polepole, safari za Hamed bin Muhammed el Murjebi, mashuhuri kwa jina la Tippu Tip, zinaonyesha nasaba iliyotumiwa kwa siku chache kupata nchi. Katika maisha yake aliyoyaeleza mwenyewe kwa Kiswahili, na ambayo yalichapishwa mwanzoni mwa karne ya 20 kwa juhudi za Mjerumani Heinrich Brode, anasimulia jinsi alivyopata habari kwamba mtawala mzee wa Utetera, Kasongo Rushie, katika eneo ambalo leo ni mashariki ya Kongo, alikuwa na dada waliotekwa na kupelekwa katika nchi ya Urua miaka mingi nyuma. Tippu Tip alijitokeza akidai kwamba upande wa mama yake ulitokana na mmoja wa dada hao. Mzee alimkubali, akamwachia utawala, na mfanyabiashara wa pembe na watumwa akawa mwenye nchi bila vita.

Tippu Tip hafichi kwamba dai hilo lilikuwa hila, na hapo ndipo thamani ya kisa hiki kwa mwanahistoria inapoonekana. Hila haifaulu pasipo kanuni inayoheshimiwa. Kwa kuwa ilikubalika, inatufunza kwamba katika Utetera mtoto wa dada alikuwa na haki ya kurithi, kwamba utekwaji wa mwanamke haukufuta nafasi yake katika ukoo, na kwamba mtawala aliyezeeka alihitaji mrithi mwenye bunduki kuliko alivyohitaji ushahidi. Nasaba ya uongo imeacha ushahidi wa kweli juu ya jamii iliyoipokea, na watu wa jamii hiyo walilipia gharama yake, kwa sababu biashara ya watumwa iliingia kwao ikiwa imevaa vazi la undugu.

Ufuko wa Ziwa Malawi ulishuhudia mwendo wa namna hiyo. Katika miaka ya 1840 Salim bin Abdallah alijenga kituo cha biashara Nkhotakota na kuchukua cheo cha jumbe, ambacho Mrima, yaani pwani iliyo mkabala na Unguja, ni cheo cha mkuu wa mji. Waliomfuata walirithi cheo hicho hicho, kila mmoja akiitwa Jumbe, na walijihesabu kuwa wawakilishi wa Sultani wa Zanzibar. Harry Johnston alipokuja mwaka 1889 kuitafutia Uingereza mikataba, Jumbe wa wakati ule alikuwa miongoni mwa watawala waliotia saini. Miaka michache baadaye Waingereza, walipokuwa na nguvu za kutosha, waliufuta utawala huo katikati ya miaka ya 1890. Wale waliokubali cheo kilichorithiwa kuwa msingi wa mkataba hawakuona taabu kukipuuza mkataba ulipokwisha kuwafaa, na ndiyo maana kumbukumbu za familia za Nkhotakota zinahitaji kusomwa sambamba na majalada ya kikoloni.

Undugu wa kudumu: Kazembe, Kalonga na Undi

Katika ukanda unaotoka Luapula hadi Malawi ya kati, diplomasia ilitumia chombo ambacho mwanaanthropolojia Ian Cunnison alikieleza katika miaka ya 1950 baada ya kuishi na watu wa Luapula, mpakani mwa Zambia na Kongo. Alikiita undugu wa kudumu. Mtawala anapokufa, mrithi wake harithi kiti peke yake. Anarithi jina la marehemu, wajibu wake na undugu wake wote. Kama Kazembe wa kwanza, mtawala wa Luapula, alimwita mkuu fulani mwanawe, basi Kazembe wa leo, hata akiwa kijana, humwita mkuu wa leo mwanawe hata akiwa mzee, na kila mmoja humtendea mwenzake kama inavyompasa baba au mtoto. Uhusiano wa dola mbili unakuwa hautegemei umri wala tabia za walio hai, na maneno ya kifamilia yanafanya kazi ambayo kwingineko hufanywa na mkataba uliotiwa muhuri.

Wachewa wana mfano ulio karibu zaidi na Lilongwe. Mapokeo yao yanasema kwamba Kalonga, mkuu wa ukoo wa Phiri, alikuwa na makao Mankhamba, karibu na Mtakataka katika wilaya ya Dedza, na kwamba ugomvi wa urithi ulimfanya Undi aondoke kwenda magharibi, katika nchi ambayo leo ni Zambia, akifuatana na Nyangu, mama wa ufalme, na wanawake wengine wa nyumba ya kifalme. Kwa kuwa mtawala huzaliwa na mwanamke wa ukoo, kuondoka kwa wanawake kulimaanisha kuondoka kwa chanzo cha watawala, na tangu hapo Kalonga aliyebaki alitegemea upande wa Undi kupata mrithi halali. Nguvu iliyohama haikuwa jeshi wala dhahabu; ilikuwa tawi la nasaba. Mwandishi Samuel Josia Ntara alikusanya mapokeo ya Wachewa katika kitabu chake *Mbiri ya Achewa* cha miaka ya 1940, na mwanaakiolojia Yusuf Juwayeyi amechimba Mankhamba na kulinganisha yaliyomo ardhini na yaliyomo vinywani.

Nasaba hiyo ingali inafanya kazi. Kila mwezi wa Agosti wakuu wa Kichewa kutoka Malawi, Zambia na Msumbiji hukutana Mkaika, wilaya ya Katete nchini Zambia, kwa sherehe ya Kulamba iliyofufuliwa mwaka 1984, ili kumpa heshima Kalonga Gawa Undi, mrithi wa Undi yule. Mipaka ya kikoloni iliwagawa katika nchi tatu zenye pasipoti tatu, lakini mpangilio wa nani anamsujudia nani bado unafuata vizazi, na viongozi wa serikali wanaohudhuria wanalitambua jambo hilo.

Nasaba chini ya ulinzi wa dola

Mahali dola ilipokuwa imara, nasaba haikuachiwa wazee wa ukoo peke yao. Katika ufalme wa Rwanda ulikuwepo utanzu rasmi wa masimulizi ulioitwa ubucurabwenge, yaani nasaba ya wafalme, iliyokaririwa na wataalamu wa ikulu waliopaswa kuisema bila kubadilisha neno. Ilitaja kila mfalme pamoja na mama yake na ukoo wa mama huyo, kwa sababu mama wa mfalme alitawala pamoja na mwanawe, na koo zilizotoa malkia zilikuwa washirika wa kiti. Uzito wa jambo hilo ulidhihirika Rucunshu mwaka 1896, ambapo Kanjogera wa ukoo wa Abega na ndugu zake walimpindua Mibambwe Rutarindwa na kumtawaza Yuhi Musinga, mwana wa Kanjogera. Nchini Burundi wafalme walipokezana majina ya Ntare, Mwezi, Mutaga na Mwambutsa, na wazao wa kila mmoja wakaunda tawi la baganwa, yaani wana wa kifalme. Ushindani wa matawi ya Bezi na Batare haukwisha na ukoloni. Mwanamfalme Louis Rwagasore, wa Bezi, aliuawa tarehe 13 Oktoba 1961, na miongoni mwa walionyongwa kwa mauaji hayo walikuwemo wana wa chifu Pierre Baranyanka wa Batare.

Wasomi wamegombana juu ya kuitumia nasaba hiyo kama kalenda. Padri na mwanahistoria Alexis Kagame alikadiria miaka 33 kwa kila utawala na kurudi nyuma karne nyingi. Jan Vansina aliupinga upeo huo, na David Henige, katika utafiti wake wa mwaka 1974 kuhusu mpangilio wa wakati katika mapokeo ya mdomo, alionyesha mitego miwili mikuu: watawala waliokuwa ndugu huandikwa kama baba na mwana, na hivyo muda unarefushwa, au vizazi vya kati visivyo na faida husahauliwa, na hivyo muda unafupishwa. Mitego hiyo inamzuia mtafiti kuhesabu miaka kwa vidole, lakini haimzuii kujua ni koo zipi zilizoshirikiana na kiti, na hilo ndilo ambalo nasaba ilikusudiwa kulihifadhi.

Ulimwenguni upo mfano ulioandikwa kwa ukamilifu zaidi, nao unasaidia kuona umbo la jambo hili. Ufalme wa Ryukyu, katika visiwa ambavyo leo ni mkoa wa Okinawa nchini Japani, ulivamiwa na ukoo wa Shimazu wa jimbo la Satsuma mwaka 1609, lakini uliendelea kupeleka wajumbe na zawadi kwa mfalme wa Uchina. Mwaka 1689 ufalme huo uliunda ofisi maalumu ya nasaba, ukaziamuru familia za daraja la juu ziandike historia za koo zao, ukahakiki maandishi hayo na kuyapiga mhuri wa mfalme. Aliyekuwa na kitabu cha nasaba alihesabiwa kuwa mtu wa daraja la watumishi wa dola, na asiyekuwa nacho alihesabiwa kuwa mtu wa kawaida. Familia za kijiji cha Kume, zilizojinasibisha na wahamiaji kutoka Uchina, ziliandika katika vitabu hivyo ni nani aliyekwenda Fuzhou au Beijing, mwaka gani na kwa kazi gani, iwe ukalimani, unahodha au ujumbe. Japani ilipoutwaa ufalme huo mwaka 1879, vitabu vya familia vilibaki kuwa ushahidi kwamba watu wa visiwa vile walikuwa na dola yao na uhusiano wao wa nje. Ryukyu iliandika kwa wino kile ambacho Rwanda ilikikabidhi kwa kumbukumbu na Luapula kwa majina yanayorithiwa.

Sheria, kambi na meza ya afisa

Katika karne ya 20 nasaba iliingia katika sheria za uraia, na athari zake ndizo zilizowafikisha wengi Dzaleka. Katiba ya Kongo ya mwaka 1964 ilimtambua kuwa raia mtu ambaye mmoja wa wazazi wake wa zamani alikuwa wa kabila lililokuwa ndani ya mipaka kabla ya tarehe 18 Oktoba 1908. Sheria ya mwaka 1972 iliwapa uraia watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya mwaka 1950. Sheria ya mwaka 1981 iliirudisha nyuma hatua hiyo kwa kudai uhusiano na kabila lililokuwepo tarehe 1 Agosti 1885, na ile ya mwaka 2004 ikasogeza kipimo hadi uhuru wa mwaka 1960. Kwa hiyo mtu aliyekuwa na miaka 40 mwaka 1981 alijikuta akidaiwa vizazi vitatu au vinne vya ushahidi katika nchi ambayo watu wake wengi hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Kwa Wanyamulenge wa Kivu Kusini na jirani zao, orodha ya mababu na jina la mlima walikozikwa vilikoma kuwa fahari ya ukoo, vikawa hoja ya kubaki au kufukuzwa.

Upande wa pili wa mpaka, Rwanda ilionyesha mwisho wa kutisha wa kugeuza nasaba kuwa kipande cha karatasi. Vitambulisho vilivyoanzishwa na Wabelgiji katika miaka ya 1930 viliandika kabila la mtu kwa kufuata baba, na mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari, neno hilo moja kwenye kitambulisho lilitosha kumtoa mtu roho kwenye vizuizi vya barabarani. Undugu wa mama, ujirani, ndoa za mseto na mikataba ya ng'ombe, ambavyo nasaba za zamani zilivikumbuka, havikuwa na nafasi katika kitambulisho.

Wakimbizi waliofika Malawi wamekutana na nasaba kwa namna ya tatu, nayo ni usaili. Anayeomba hadhi ya ukimbizi, au anayefikiriwa kuhamishiwa nchi nyingine, hutakiwa kutaja wanafamilia wake mmoja mmoja, na majibu yake hulinganishwa na ya mumewe au mkewe, ya watoto wake na ya ndugu walioko mbali. Hapo mapokeo ya Maziwa Makuu yanagongana na fomu. Nchini Rwanda, Burundi na katika sehemu kubwa ya Kongo, kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, kwa hiyo watoto watano wa baba mmoja na mama mmoja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana, na afisa aliyezoea jina moja la ukoo huona watoto wa watu watano. Nchini Kongo, sera ya Rais Mobutu ya miaka ya 1970 iliyopiga marufuku majina ya Kikristo iliwafanya watu wa rika moja waandikwe kwa jina moja shuleni na jingine kanisani. Kaka wa baba ni baba mkubwa au baba mdogo, na mwanawe ni ndugu, wala si binamu, kwa hiyo mtu anayesema ana baba watatu hasemi uongo. Mtoto wa marehemu aliyelelewa tangu uchanga huhesabiwa kuwa mtoto wa nyumba hiyo, na kumwita vinginevyo ni kumwaibisha.

Kutokuelewana huku kumewahi kuwa na matokeo makubwa. Mwaka 2008 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kuunganisha familia za wakimbizi kutoka Afrika baada ya vipimo vya DNA, vilivyoanzia Nairobi, kuonyesha kwamba wengi wa waliopimwa hawakuwa na uhusiano wa damu uliodaiwa au walikataa kupimwa. Mpango ulirejea mwaka 2012 ukiwa na sharti la kipimo. Bila shaka walikuwemo waliodanganya, kama Tippu Tip alivyodanganya Utetera. Lakini walikuwemo pia waliojibu kwa nasaba ya ukoo mahali palipoulizwa nasaba ya damu, na vipimo havikuwa na njia ya kuwatenganisha hao wawili. Anayefahamu historia iliyoelezwa katika sura hii anajua kwamba nasaba za Afrika Mashariki tangu Kilwa zimekuwa zikijumuisha ndoa, ulezi, urithi wa jina na makubaliano ya ujirani, na kwamba kuzipima kwa damu peke yake ni kuzisoma nusu.

Kuandika nasaba ughaibuni

Jamii iliyohamishwa hupoteza kwanza yale ambayo nasaba ilikuwa imefungamana nayo: mlima, kaburi, mti wa baraza na mzee wa kuuliza. Kijana aliyezaliwa Dzaleka baada ya mwaka 1994 anaweza kuongea Kiswahili na Kichewa vizuri kuliko Kinyamulenge, Kibembe au Kirundi, na anaweza kujua jina la babu yake bila kujua kilima alichoishi. Kazi ya kuyaandika haya haingojei chuo kikuu. Daftari la shule linatosha, mradi taratibu chache zifuatwe ambazo uzoefu wa Kilwa, Mankhamba na Ryukyu umezithibitisha.

Kwanza, kina mama waandikwe pamoja na koo zao, kwa sababu nyumba iliyoandikwa kwa baba peke yake hupoteza nusu ya mikataba yake, na kwa familia inayoishi kati ya Wachewa upande wa mama ndio utakaoeleweka kwa haraka na jirani. Pili, kila jina lifuatwe na mahali na tukio linaloweza kulinganishwa na chanzo kingine, kama vile vita, njaa, uchaguzi, kuanzishwa kwa misheni au mwaka wa kuhama. Tatu, aliyesimulia na siku aliyosimulia viandikwe, ili wajukuu wajue sauti waliyoirithi ni ya nani. Nne, wazee wawili wakitofautiana, maelezo yote mawili yabaki, kwa maana tofauti hiyo mara nyingi ndiyo mlango wa ugomvi wa zamani wa urithi ambao hakuna aliyetaka kuutaja. Tano, mtoto wa kulea aandikwe kama mtoto na kama wa kulea, bila aibu, kwa kuwa ukweli wa namna zote mbili humlinda anapofika mbele ya afisa. Sita, daftari liwe na nakala zaidi ya moja, na lisikabidhiwe mtu wa nje bila ridhaa ya wanaotajwa ndani yake, kwani mwaka 1994 ulionyesha kwamba orodha ya majina na asili inaweza kuangukia mikononi mwa muuaji.

Taasisi nazo zina wajibu wao. Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa la Malawi, iliyoko Zomba, na vyuo vikuu vya ukanda huu vina majalada ya wakoloni, mikataba na taarifa za wamisionari kwa wingi, lakini sauti za koo zilizohamia nchini tangu miaka ya 1990 zinastahili kuwekwa kando ya majalada hayo kwa lugha zilizosimuliwa. Historia ya Malawi tayari ina Jumbe aliyetoka Mrima na Undi aliyeondoka Mankhamba na wanawake wa ufalme. Haitapungua hadhi kwa kuongezewa familia za Uvira, Bujumbura na Bukavu zilizofika Dowa zikiwa na majina ya mababu na bila hati nyingine yoyote. Wazee wanaoyajua majina hayo wamekwisha kuwa wachache, na kila familia yenye mzee wa namna hiyo inapaswa kuketi naye mwaka huu, kalamu mkononi, na kuanza na jina la mama yake.